Kioo cha metali, joto la Garissa na transfoma inayokula umeme usiku

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo naomba mnivumilie, maana sitaandika juu ya programu wala simu mpya. Nitaandika juu ya chuma. Tena si chuma cha kawaida, bali chuma ambacho ndani yake ni kioo. Msikimbie, mwisho wake kuna pesa za watu, na watu wenyewe ni jamaa zangu.

Kisa ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa Garissa, tumeketi jioni na adeer wangu, chai ya maziwa ya ngamia mezani, joto bado halijaondoka ukutani. Adeer ni mmoja wa wazee wa kamati ya kisima huko kwao, nje ya mji, upande wa barabara ya Wajir. Kamati ina paneli za sola na betri kijijini, na jenereta ya dizeli ya kusaidia siku za mawingu. Kisima kiko kilomita tatu mbali, na kando yake kuna zahanati yenye friji ya chanjo na nyumba chache. Ili umeme ufike huko bila kupotea njiani, wanahitaji transfoma mbili: moja ya kupandisha volti kijijini na moja ya kuzishusha kisimani.

Wameletewa bei mbili. Ya kwanza ni ya transfoma za kawaida. Ya pili ni ghali zaidi, na muuzaji ameandika kwamba kiini chake ni cha kioo cha metali. Kijana mmoja wa ukoo aliyesoma uhandisi akawaambia wazee: "Msiguse hiyo. Kioo cha metali kinazeeka. Wanasayansi wenyewe wanasema. Kwa joto letu hakitamaliza miaka mitano." Basi wazee wakasita. Adeer akanigeukia: "Wewe ni mtu wa kompyuta, tuambie. Je, kinazeeka au hakizeeki?"

Jibu langu ni kwamba kinazeeka. Na bado mnunue.

Ngoja nieleze, maana majibu hayo mawili yanaonekana kupigana.

Kioo cha metali ni nini?

Tukisikia kioo tunafikiria dirisha. Mwanasayansi anafikiria mpangilio. Katika chuma cha kawaida atomu zimejipanga kama watu kwenye safu za swala: bega kwa bega, mstari kwa mstari. Mpangilio huo huitwa fuwele. Sasa fikiria soko la mifugo la Garissa siku yenye shughuli nyingi: mbuzi huku, ng'ombe kule, ngamia katikati, hakuna safu. Wagandishe wote ghafla pale walipo. Hicho ndicho kioo: kigumu, lakini hakina safu.

Metali hupenda kujipanga. Ukiyeyusha chuma na kukiacha kipoe kwa kawaida, atomu hupata muda wa kuingia kwenye safu. Ili kuzinyima muda huo ni lazima upoze kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, walitangaza kwamba wamefanya hivyo kwa mchanganyiko wa dhahabu na silikoni, wakiupoza kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde. Baadaye wakaja watu wa viwandani na mchanganyiko wa chuma, boroni na silikoni. Huyeyushwa na kumwagwa juu ya gurudumu baridi linalozunguka kwa kasi, na unatoka utepe mwembamba wa takriban milimita 0.025. Utepe huo ukikunjwa na kukunjwa ndio unaokuwa kiini cha transfoma anayoogopa adeer.

Mimi na maji boza

Nilielewa jambo hili kwa njia ya kwetu, ya programu. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa ukame, nilimwandikia mwenye malori ya maji programu ya kupanga safari: lori lipite vijiji gani kwanza ili lisimalize dizeli barabarani. Nilitumia mbinu iliyotangazwa mwaka 1983 na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi, mbinu iliyoigwa moja kwa moja kutoka kwa wahunzi. Unaanza na "joto" kubwa, yaani programu inaruhusiwa kujaribu hata njia mbaya. Kisha unashusha joto polepole, na programu inatulia kwenye njia nzuri.

Mimi nilikuwa na haraka. Nikashusha joto kwa kasi. Programu ikanipa ratiba iliyopeleka lori upande mmoja, ikalirudisha, kisha ikalipeleka tena upande ule ule. Ilikuwa imekwama. Ratiba ilionekana imara, kwani badiliko dogo lolote liliifanya iwe mbaya zaidi, lakini haikuwa nzuri. Nilikuwa nimetengeneza kioo bila kujua.

Kioo cha metali ni ratiba iliyokwama. Atomu zimesimama mahali ambapo zisingechagua kusimama kama zingepewa muda. Na kwa kuwa hazijaridhika, zikipata nafasi husogea. Chukua debe la mahindi uliyoyamwaga haraka, ulitikise: mahindi yanashuka kidogo, mianya inapungua. Ndivyo kioo kinavyotulia. Mianya kati ya atomu hupungua, ujazo nao hupungua kwa kiasi kidogo mno, chini ya asilimia moja, lakini tabia hubadilika sana. Utepe ambao ungeweza kuukunja kwa vidole bila kuvunjika huwa mkavu kama jani. Huo ndio uzee wa kioo cha metali. Hakina kutu wala ufa, na jicho halioni tofauti.

Tena si nadharia tu. Mwaka 2012 watafiti waliotumia mionzi mikali ya eksirei kwenye kituo cha Grenoble, Ufaransa, walichunguza kioo cha magnesiamu, shaba na itriamu. Waliona kwamba hata kikiwa kigumu kabisa mkononi, atomu zake bado zinajipanga upya, na kwamba kasi hiyo inapungua kadiri kioo kinavyozeeka. Kwa hiyo kijana wa ukoo hakusema uongo. Alisoma vizuri.

Kosa lake ni kwamba aliishia hapo. Alisikia "kinazeeka" akadhani maana yake ni "kinaharibika". Pia hakuuliza: kinazeeka kwa joto gani, na kwa kasi gani?

Kiwanda kinakizeesha makusudi

Hapa ndipo pana jambo lililonifurahisha kuliko yote. Utepe ukitoka kwenye gurudumu hauwi tayari kwa kazi. Umejaa mikazo ya ndani iliyoganda humo, na mikazo hiyo inausumbua usumaku wake. Kwa hiyo kiwanda kikishakunja kiini, hukiingiza kwenye tanuri la takriban nyuzi 350, mara nyingi ndani ya uga wa sumaku, kisha hukipoza. Kazi ya tanuri ni kuziacha atomu zitulie kidogo, bila kufika kwenye joto la karibu nyuzi 500 ambako zingeanza kujipanga safu na kuwa fuwele.

Yaani kiwanda chenyewe kinakizeesha kioo kabla ya kukuuzia! Kinakubali kipoteze unyumbufu ili kipate usumaku mzuri. Transfoma inayofika Garissa imekwisha pitia sehemu kubwa ya uzee wake tanurini.

Sasa linganisha na joto la kazi. Viwango vya kimataifa vya transfoma za mafuta huruhusu mafuta ya juu kupanda hadi nyuzi 60 zaidi ya hewa ya nje. Chukua siku mbaya kabisa ya Garissa, nyuzi 40 kivulini, transfoma imebeba mzigo wake wote: mafuta yanafika karibu nyuzi 100. Watengenezaji huweka ukomo wa kazi ya kudumu ya utepe huu karibu na nyuzi 150. Kioo kilichotulizwa kwa nyuzi 350 hakishtuliwi na 100, kwa sababu mwendo wa atomu haupungui hatua kwa hatua kama bei ya nyanya. Kila joto linaposhuka kiasi fulani, kasi hugawanywa, kisha hugawanywa tena, na tena. Ukishuka nyuzi 250 umegawanya mara nyingi mno.

Na ushahidi wa kazini upo. Tangu miaka ya 1980 transfoma hizi zimefungwa Marekani, kisha Japani, India na China kwa wingi mkubwa. India na China zina maeneo ya joto lisilo dogo kuliko letu.

Kinachozeeka kwanza ni karatasi

Nikamwambia adeer: ukitaka kuogopa uzee, ogopa karatasi. Ndani ya transfoma ya mafuta, nyaya zimefungwa karatasi ya kuzuia umeme kuruka. Karatasi hiyo ikichakaa, transfoma imekufa, kiini kiwe cha kioo au cha chuma. Na karatasi ina kanuni ambayo mafundi wanaijua: ndani ya joto la kawaida la kazi, kila nyuzi 6 zinazoongezeka, kasi ya kuzeeka inaongezeka maradufu.

Viwango hivyo vya kimataifa viliandikwa kwa kudhani wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni nyuzi 20. Nairobi, juu kule mita 1,700, inakaribiana na hapo. Garissa, mita takriban 150 tu juu ya bahari, wastani wake ni karibu nyuzi 28 hadi 29. Tofauti kati ya miji hiyo ni kama nyuzi 10. Piga hesabu: kwa mzigo ule ule, karatasi ya Garissa inazeeka karibu mara tatu ya karatasi ya Nairobi. Transfoma mbili zilizozaliwa siku moja katika kiwanda kimoja haziwi na umri mmoja baada ya miaka 10.

Hili ndilo ninalotaka mlishike hata mkisahau mengine yote. Umri wa kifaa haumo katika tarehe iliyogongwa kwenye bati lake, umo katika joto kililoishi nalo. Swali la kumuuliza muuzaji si "ni mpya?" Muulize, "imekadiriwa kwa joto la wapi?" Dawa ya karatasi inajulikana: nunua transfoma kubwa kidogo kuliko mzigo wako ili isifike joto la juu, au agiza iliyosanifiwa kwa hewa ya joto.

Basi kwa nini tulipe zaidi?

Kwa sababu ya usiku.

Transfoma hula umeme hata kama hakuna anayeutumia. Kiini chake kinapinduliwa usumaku mara 50 kwenda na kurudi kila sekunde, na kila mpinduko una gharama. Katika chuma cha silikoni, mipaka ya fuwele inaukwamisha usumaku, na bati lenye unene wa milimita 0.23 hadi 0.30 linaacha mikondo midogo ya umeme izunguke ndani na kugeuka joto. Kioo hakina fuwele, kwa hiyo hakina mipaka hiyo. Utepe wake ni mwembamba karibu mara kumi, na unapinga umeme zaidi, kwa hiyo mikondo hiyo hufifia. Upotevu wa kiini hushuka kwa asilimia 60 hadi 70 au hivi.

Tufanye hesabu ya kisima cha adeer kwa makadirio. Tuseme transfoma ndogo ya kawaida inapoteza wati 150 ikiwa haina mzigo, na ya kioo wati 45. Zikiwa mbili, ni wati 300 dhidi ya 90. Haziwezi kuzimwa usiku kwa sababu friji ya chanjo inategemea waya ule ule. Kwa saa 24, za kawaida zinakula uniti 7.2, za kioo uniti 2.16. Tofauti ni uniti 5 kila siku, zaidi ya uniti 1,800 kwa mwaka. Ikiwa uniti hizo zinatoka kwenye jenereta inayotumia lita 0.3 kwa uniti, ni zaidi ya lita 550 za dizeli, karibu mapipa matatu kila mwaka, yanayoletwa kwa lori ili kupasha kipande cha chuma moto. Zikitoka kwenye sola, usiku mmoja wa saa 12 unanyonya uniti 3.6 kutoka kwenye betri badala ya uniti 1 hivi. Betri mnajua bei yake, na mnajua joto linavyozifanya.

Sasa kuza picha. Mpango wa kuunganisha umeme vijijini ulioanza mwaka 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ni jambo jema, lakini kijijini nyumba hizo zina taa, simu na redio. Mzigo ni mdogo, transfoma iko kazini usiku na mchana. Wajir na Mandera kwa miaka mingi zimeishi kwa jenereta za dizeli, ambako kila uniti inayopotea ni mafuta yaliyosafiri kutoka pwani. Mradi wa sola wa maeneo yasiyo na gridi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ulitaja kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Hata kituo kikubwa cha sola cha Garissa, megawati 50 juu ya hekta 85, kilichofunguliwa Desemba 2019, kina usiku wake: jua likizama, transfoma yoyote ya sola inayobaki imeunganishwa hugeuka kutoka muuzaji kuwa mlaji. Ukanda huu wetu, wenye mzigo mdogo, umbali mkubwa na mafuta ghali, ndio mahali ambapo kioo cha metali kinalipa kuliko mahali pengi.

Wenye shaka wana haki pia

Sitaki nionekane dalali. Transfoma ya kioo ina kasoro zake.

Kwanza, ni kubwa na nzito zaidi, kwa sababu kioo hakibebi usumaku mwingi kama chuma cha silikoni: takriban tesla 1.56 dhidi ya 2. Pili, kule kuzeeshwa tanurini kumeacha utepe mkavu. Barabara za kwetu mnazijua. Transfoma ikitupwatupwa juu ya lori, vipande vya utepe vinaweza kuvunjika. Hiyo ndiyo gharama halisi ya uzee wa kioo, na inalipwa njiani kuliko juani. Tatu, fundi wa mtaani anayejua kusuka upya transfoma ya kawaida hataweza kufungua kiini hiki na kukirudisha. Nne, katikati ya mji wa Garissa, kwenye feni, friji na viyoyozi vya mchana kutwa, upotevu mkubwa uko kwenye nyaya, si kwenye kiini. Hapo pesa za ziada ziende kwenye shaba.

Lakini kasoro hizo zote zinapimika. Agizeni hati ya kiwandani inayoonyesha upotevu wa kiini bila mzigo. Transfoma ikifika, kabla ya kulipa kilichobaki, fundi mwenye kipimo apime tena. Ikiwa namba imepanda sana, kiini kimeumia njiani, irudi ilikotoka. Ni kipimo cha muda mfupi, na kinamwokoa mzee wa kijiji kuliko hotuba ya muuzaji na hofu ya msomi.

Ninachoomba

Kwa wanunuzi wote, wakubwa na wadogo: linganisheni bei ya miaka 25, si bei ya siku ya kununua. Andikeni kwenye zabuni joto halisi la mahali, Garissa iandikwe Garissa, isinakiliwe ya Nairobi. Na wekeni kipima joto kwenye kila transfoma. Kipima joto na kadi ya simu ni bei ndogo mbele ya transfoma. Kikiandika joto kila saa, baada ya mwaka mtajua umri wa kweli wa kila moja, na ipi iko karibu kufa kabla haijawaacha gizani. Programu ya kukusanya namba hizo nitaiandika mwenyewe, bure, na mtu yeyote ataruhusiwa kuichukua. Nimeanza na ya adeer.

Wazee walikutana Ijumaa iliyopita baada ya swala. Adeer alinipigia simu usiku. Wameagiza za kioo, lakini wamemwekea muuzaji sharti la kupimwa tena kisimani, mbele ya kamati, kabla ya shilingi ya mwisho kutoka. Kisha akacheka, akasema: "Umesema kitu kilichopitia moto mapema hakitishwi na jua. Hata sisi wazee wa Garissa ni hivyo hivyo."

Sikuwa na la kuongeza. Je, huko kwenu transfoma ya kijiji inabeba mzigo gani usiku? Aliyepima anijulishe, nitazijumlisha namba hizo na kuwarudishia hesabu. Hadi wakati huo, kwaherini.